Kupima beringi za konrodi kabla ya kufunga injini: maswali tunayoulizwa gereji, Tanga

Gereji yetu iko Ngamiani. Haipiti wiki bila mtu kuingia na swali la beringi: mwenye daladala ambaye gari limeanza kugonga, kijana anayejifunza kazi, au fundi mwenzetu aliyerudishiwa krenki kutoka kuchongwa na moyo wake haujatulia. Maswali yenyewe hurudi yale yale, ndiyo maana nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa nikiwa nimesimama kwenye meza ya kazi.

Maneno mawili kwanza. Nikisema "shingo", ni ile sehemu ya mviringo ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inayoshikwa na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Nikisema "nafasi ya oili", ni mwanya ulioko kati ya shingo na beringi, ule ambao mafundi wengi tunauita kliaransi.

Fundi, hii nayo ni beringi? Mbona haina gololi?

Ni beringi. Ina vipande viwili vyembamba, kila kimoja nusu duara. Mgongo wake ni chuma, na upande wa ndani umepakwa madini laini zaidi, ya jamii ya shaba au aluminiamu. Kazi ya gololi inafanywa na oili. Krenki ikizunguka huivuta oili na kuibana chini yake, kisha inaelea juu ya utando huo. Injini nzima ikishawaka, shingo na beringi havigusani kabisa. Vinagusana sekunde chache za kuwasha, au oili inapokosekana, au nafasi inapokuwa si sahihi. Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu hapa.

Nafasi hiyo inatakiwa iwe kiasi gani?

Kwa gari nyingi ndogo za petroli ni kati ya 0.02 na 0.05 mm. Unywele wa mtu una unene wa karibu 0.07 mm, kwa hiyo tunazungumzia kitu chembamba kuliko unywele. Mfano, injini ya Toyota 4A-FE iliyokuwa kwenye Corolla nyingi: kitabu chake kinataka 0.020 hadi 0.051 mm, na ikifika 0.08 mm beringi zibadilishwe. Injini za dizeli mara nyingi huachiwa nafasi kubwa kidogo. Kitabu kikikosekana, yapo makadirio ya wazee wa kazi hii: 0.01 mm kwa kila milimita 10 za kipenyo cha shingo. Shingo ya milimita 45 inakupa karibu 0.045. Hayo ni makadirio ya kukuonyesha njia tu. Kitabu cha injini yako ndicho cha kufuata.

Ikiwa ndogo mno, oili haipiti ya kutosha, joto linapanda, beringi inakwanguka na mwishowe inashikana na krenki. Ikiwa kubwa mno, oili inamwagika pembeni kabla ya kujenga utando, presha inashuka na konrodi inaanza kugonga. Na hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Ukiongeza nafasi mara mbili, oili inayovuja haiongezeki mara mbili, inakaribia mara nane. Ndiyo maana beringi moja tu iliyolegea inaweza kuwasha taa ya oili ya injini nzima, nawe ukaenda kununua pampu ya oili ambayo haikuwa na kosa lolote.

Nitajuaje kuwa beringi ndizo zinazogonga kabla sijafungua injini?

Sikiliza. Mlio wa kugonga wa konrodi ni mzito, unatoka chini ya injini, na unasikika zaidi unapokanyaga mafuta kidogo halafu ukaachia. Injini ikiwa baridi unaweza kuwa mdogo. Ikipata moto na oili ikiwa nyepesi, unakua. Kwenye petroli, zima plagi moja moja kwa kuondoa waya wake. Ukifika silinda yenye tatizo, sauti inapungua waziwazi, kwa sababu konrodi haisukumwi tena na mlipuko. Kisha funga geji ya kweli ya presha badala ya kuamini taa ya kwenye dashibodi. Taa hiyo huwaka presha ikiwa imeshashuka sana.

Ukishasikia mlio huo, zima gari hapo hapo. Mtu mmoja alipakia machungwa Muheza, akasikia kugonga akaona afike tu Segera ndipo aangalie. Hakufika. Bolti ya konrodi ilikatika, konrodi ikatoboa blok. Nilipochungulia kwenye tundu lile niliona pistoni. Kazi ambayo ingekuwa ya beringi na kuchonga krenki ikawa ya kutafuta injini nyingine.

Beringi za zamani zimeandikwa STD (saizi ya kawaida ya kiwandani), na mimi nimenunua STD. Kuna haja gani ya kupima?

Ipo, na hili ndilo swali ninaloomba ulisome taratibu.

Maandishi ya mgongoni mwa beringi yanaeleza beringi ilivyotoka kiwandani. Hayaelezi shingo yako imeliwa kiasi gani, hayaelezi tundu la konrodi limepanuka kiasi gani, wala hayaelezi kama aliyefungua injini kabla yako alibadilisha kepu, yaani kile kipande cha chini cha konrodi kinachofungwa kwa bolti. Nafasi ya oili ni hesabu ya vitu vitatu: tundu la konrodi, unene wa beringi, na shingo. Ukijua kimoja tu, hujui jibu.

Miaka ya nyuma nilifunga injini ya Noah ya mzee mmoja wa Makorora aliyekuwa akipeleka watoto shule. Krenki ilikuwa imetoka kuchongwa, karatasi imeandikwa 0.50 (yaani kipenyo kimepunguzwa nusu milimita) kwa shingo zote nne, na beringi nilizonunua zilikuwa 0.50. Nilipima shingo ya kwanza, ikawa sawa. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi akinitazama, shule zinafunguliwa Jumatatu. Nikajiambia kama moja ni sawa basi zote ni sawa, nikafunga. Gari lilitembea siku tisa, likarudi linagonga. Shingo ya tatu ilikuwa imechongwa zaidi ya wenzake, karibu 0.07 mm. Maikromita, kifaa cha kupimia kipenyo cha shingo, ilikuwa kwenye droo yangu siku zote hizo, na kupima shingo tatu zilizobaki kungenichukua dakika kumi. Nililipa spea na kazi kutoka mfukoni mwangu, na yule mzee alikodi bajaji ya watoto wiki nzima. Tangu siku hiyo napima kila shingo, hata krenki ikiwa mpya ndani ya nailoni yake.

Ule uzi wa plastiki wa kupimia unatumikaje?

Huo ni Plastigauge. Ni uzi laini wa plastiki wenye unene maalumu, na ukibanwa hutandazika. Kadiri nafasi ilivyo ndogo ndivyo unavyokuwa mpana. Kwa konrodi za gari ndogo tumia wa kijani, unaopima 0.025 hadi 0.076 mm. Mwekundu ni wa 0.051 hadi 0.152, na wa bluu huanzia 0.102. Mtu akikuuzia wa bluu kwa kazi ya Corolla, mrudishie.

Anza na usafi. Safisha tundu la konrodi, mgongo wa beringi, uso wa beringi na shingo, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Shingo isiwe na oili hata kidogo, kwa sababu oili huuyeyusha uzi. Mgongo wa beringi nao ukae mkavu kwenye konrodi. Chembe moja ya mchanga nyuma yake inaisukuma beringi mbele na kipimo kinakudanganya.

Kata kipande cha uzi chenye urefu wa upana wa beringi. Kilaze juu ya shingo kwa kufuata urefu wa krenki, kisipite juu ya tundu la oili. Rudisha kepu kwa upande wake ule ule, kaza bolti kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) mpaka kiwango kamili kilichoandikwa kitabuni. Kiwango kamili, kwa sababu beringi hupata umbo lake sahihi kepu ikishakazwa sawasawa. Ukikaza kwa kukisia na mkono, umepima kitu kingine.

Kuanzia hapo mtu asiiguse krenki. Ikizunguka hata kidogo, uzi unaburuzika na kazi inaanza upya. Nikiwa napima huwa naondoa hata spana iliyoko kwenye puli ya mbele, maana gereji haikosi mtu anayependa kujaribu.

Fungua kepu taratibu. Uzi utakuwa umeganda kwenye shingo au kwenye beringi, umetandazika kama utepe. Chukua bahasha yake, ulinganishe utepe na mistari iliyochapwa pale, upande wa milimita. Usiukwangue kwanza. Utazame mwanzo hadi mwisho. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, shingo imechongoka, au konrodi imepinda. Tofauti hiyo ni habari kubwa kuliko kipimo chenyewe, na watu wengi huipita kwa sababu wanasoma katikati tu. Ukimaliza, futa uzi kwa kitambaa chenye oili au kwa ukucha. Bisibisi isiguse shingo.

Nikiwa na Plastigauge, maikromita ya nini?

Plastigauge inakuonyesha nafasi ya mahali pamoja, upande mmoja wa shingo. Haikuonyeshi kama shingo imekuwa yai. Shingo huliwa zaidi upande unaopokea msukumo wa pistoni, kwa hiyo ukipima upande usioliwa utapata jibu zuri la uongo.

Kwa maikromita, pima kila shingo mara nne: sehemu mbili kwa urefu, na kila sehemu kwa pande mbili zinazokingamana. Linganisha. Injini nyingi ndogo haziruhusu tofauti inayozidi 0.02 mm. Kisha funga konrodi na beringi zake bila krenki, kaza kwa toki, pima tundu kwa geji ya ndani, wima, yaani kwa mstari wa konrodi yenyewe. Usipime karibu na pale vipande viwili vinapokutana, kwa kuwa watengenezaji huifanya beringi iwe nyembamba kidogo hapo kwa makusudi. Toa kipimo cha shingo kwenye kipimo cha tundu, ndiyo nafasi yako.

Mimi hufanya yote mawili. Maikromita kwanza, kisha uzi kama shahidi. Vikipingana, sifungi injini mpaka nijue kwa nini.

Krenki ilikaa nje tangu asubuhi. Naweza kuipima hivyo hivyo?

Isubiri. Jua la Tanga saa saba mchana si la mchezo, na chuma hutanuka. Shingo ya milimita 50 ikiwa na joto lililozidi la maikromita kwa nyuzi 20, inaongezeka zaidi ya 0.01 mm. Kwenye nafasi ambayo yote inacheza ndani ya 0.03, umepoteza theluthi nzima kwa ajili ya jua. Iingize ndani, ilale usiku na vifaa vya kupimia mahali pamoja, upime asubuhi.

Upepo wa bahari nao una chumvi. Huku kwetu krenki iliyofutwa vizuri na kuachwa wazi inaweza kuanza kutu ndani ya siku mbili, hasa kwa wenzetu wa Sahare na Raskazone. Ikitoka kuchongwa, ipake oili, ifunge kwa nailoni, isimamishe wima isije ikapinda.

Namba zilizochongwa kwenye konrodi na kepu zina maana gani?

Ziko za aina mbili. Za kwanza ni za silinda: kepu ya silinda ya pili ni ya konrodi ya pili, na alama zake zikae upande mmoja. Konrodi na kepu yake hutobolewa zikiwa zimefungwa pamoja, ndiyo maana kepu haiazimwi. Kama hazina namba, weka alama zako kabla ya kulegeza bolti ya kwanza. Kwenye injini za siku hizi ambazo kepu hutenganishwa kwa kupasuliwa, vile vijimeno vya mpasuko hukubali mwenzake mmoja tu.

Za pili ni za saizi. Toyota wengi huandika 1, 2 au 3 kwenye kepu, na beringi za STD nazo huja kwa namba hizo. Tofauti kati yake ni sehemu chache za elfu moja za milimita. Duka nyingi za spea zitakupa boksi moja la STD bila kutenganisha, kwa hiyo ukipata nafasi iliyo juu kidogo ya kiwango, uliza kwanza hilo kabla ya kukimbilia kuchonga.

Beringi imelegea kidogo. Nimeambiwa niweke karatasi ya sigara nyuma yake.

Usifanye. Na usipige kepu msasa ili ibane, hata aliyekushauri akiwa na mvi.

Beringi hutengenezwa ndefu kidogo kuliko nusu ya tundu. Ukiibonyeza mahali pake utaona ncha zake zimechomoza kwa unywele. Kepu ikikazwa, ncha zinasukumana na mgongo unashikwa na konrodi kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayoizuia isizunguke, na ndiyo inayolipeleka joto kwenye konrodi. Ule ulimi mdogo wa pembeni unakuonyesha mahali pa kuiweka tu. Karatasi inaungua, inasagika, beringi inacheza halafu inazunguka na kuziba tundu la oili. Ukipiga kepu msasa umeharibu mviringo wa tundu, na konrodi hiyo haifai tena mpaka karakana ilitengeneze tundu upya. Nimeona konrodi nzuri nyingi zimetupwa kwa sababu ya msasa wa shilingi mia tano, na inaniuma kila mara.

Lini krenki ichongwe, na hadi saizi gani?

Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, au tofauti ya vipimo ikizidi kiwango, chonga. Saizi za kawaida ni 0.25, 0.50 na 0.75 mm, na injini nyingine hazina zaidi ya 0.25. Nunua beringi kwanza, au hakikisha zipo, ndipo upeleke krenki. Watu wamechonga 0.75 kisha wakazitafuta beringi hadi Dar es Salaam wasizipate.

Krenki ikirudi, angalia mambo mawili kabla ya kipimo. Kona pale shingo inapokutana na ukuta iwe na mkunjo laini. Ikikatwa kali, krenki huvunjikia hapo. Na matundu ya oili yasafishwe kwa brashi ndefu na petroli, kisha hewa ya kompresa, kwa sababu unga wa jiwe la kuchongea hujificha ndani na kutoka siku ya kwanza injini inapowaka. Pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kijivu, rudia.

Bolti za zamani zinafaa?

Kama kitabu kinasema zikazwe kwa toki kisha zizungushwe nyuzi 90, hizo huvutika. Pima unene wake pale kwenye shingo ya bolti na ulinganishe na kitabu, au nunua mpya. Ukiwa na shaka, nunua mpya. Kwenye injini, bolti ya konrodi ndiyo nisiyoifanyia uchumi.

Beringi zilizotoka nizitupe?

Bado. Zipange mezani kwa silinda, juu na chini, uzisome. Zikiwa na mikwaruzo mirefu, kulikuwa na uchafu kwenye oili. Rangi ya shaba ikitokeza sehemu inayobeba mzigo, zimechoka kwa umri. Zikiliwa ukingo mmoja tu, tafuta konrodi iliyopinda. Zikiwa nyeusi na bluu, ziliungua kwa kukosa oili, na hapo ujue chujio la oili ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), pampu na njia zote zikaguliwe. Vinginevyo beringi mpya zitafuata njia ile ile. Gari zinazopanda Mombo hadi Lushoto na mzigo huleta hizi za mwisho mara nyingi: oili imepungua, mlima ni mrefu, na dereva yuko gia ndogo muda wote.

Nimefunga zote. Nitajuaje kuwa ziko sawa kabla ya kuwasha?

Paka uso wa beringi oili au grisi ya kufungia injini. Kila ukikaza konrodi moja, zungusha krenki kwa mkono kabla ya kwenda ya pili. Uzito ukiongezeka ghafla, kosa liko kwenye hiyo uliyomaliza sasa hivi, na unaifungua hiyo tu. Shika konrodi uisukume mbele na nyuma kwenye shingo. Iwe na mchezo mdogo wa pembeni. Upime kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), na kwa injini nyingi ndogo huwa karibu na 0.15 hadi 0.30 mm.

Kabla ya kuwasha, weka chujio jipya la oili, ondoa plagi zote na uhakikishe moto na mafuta vimekatwa, halafu piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya presha inyanyuke. Huwa namwita mwenye gari aje aione sindano inavyopanda. Ikishanyanyuka narudisha plagi, nawasha, na mkono wangu unabaki kwenye swichi dakika yote ya kwanza.